Mbaazi na Hesabu ya Usiku: Uchambuzi kutoka Babati

Wahenga waliponena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua, walimkusudia mtu awatwikaye wengine lawama ya makosa yake mwenyewe, na methali hiyo imekubaliwa Pwani na bara pasina mtu yeyote kumpa mshtakiwa nafasi ya kujitetea. Mimi niishiye karibu na mibaazi ya Babati naona insafu inataka shauri hili lisikilizwe upya, kwani ushahidi uliokusanywa na wataalamu wa mimea katika karne moja iliyopita unathibitisha kwamba mbaazi, unapolitaja jua, husema kweli, ila husema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni baridi. Na jinsi nusu hizo mbili zilivyotenganishwa, zikapimwa kila moja peke yake, kisha zikatumiwa kuwapatia wakulima wa Manyara mbegu ichanuayo kwa wakati wake, ni habari ya kazi ya akili na subira ambayo hata wale wanaoishi kwa matunda yake hawajasimuliwa vya kutosha.

Atokaye mjini Babati mwezi wa Juni akashika njia ya Gallapo, au akaelekea Bonga kwa barabara ya Dodoma, hukuta mahindi yamekwisha kukauka kwenye mabua yake, na kati ya mistari ya mahindi hayo mibaazi imesimama mirefu kupita kichwa cha mtu, imejaa maua ya manjano ambayo mengine yana mishipa myekundu mgongoni mwa petali. Mbegu za mazao yote mawili zilitiwa ardhini wakati mmoja, aghalabu kati ya Desemba na Februari. Hindi likakimbilia juu, ilhali mbaazi ukakaa miezi miwili mitatu ukiwa mdogo na mnyonge wa kutazamwa, kumbe nguvu zake zilikuwa zikishuka chini pamoja na mzizi wake mkuu, kupita kina ambacho mizizi ya mahindi hufika. Hindi lilipokwisha haja yake ya maji na nuru, mbaazi ukaurithi uwanja wote. Lakini mapatano hayo husimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba mbaazi uchanue katika majira haya ya kipupwe na si mengine: ukitangulia sana, maua hukutana na mvua na mti wenyewe haujapata matawi ya kubeba mzigo, ukichelewa sana, unyevu uliosalia ardhini huisha kabla punje hazijajaa ndani ya maganda.

Je, mmea usio na macho huujuaje mwezi wa Juni? Swali hili lilianza kupata jibu mjini Paris mwaka 1912, wakati Mfaransa Julien Tournois, aliyekuwa akiotesha mimea ya hopi na ya bangi ndani ya nyumba za vioo, alipogundua kwamba miche yake ilitoa maua ingali midogo kabisa kila ilipopewa saa chache tu za nuru kwa siku. Akaendelea kuchunguza, na mwaka 1914 akaandika kwamba sababu haikuwa hasa kupungua kwa mchana bali kurefuka kwa usiku. Mwaka huohuo vita vikuu vikamchukua, naye hakurejea. Huko Marekani, Garner na Allard walishughulishwa na tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo ilirefuka kiangazi chote bila ya kutoa ua; walipoiingiza kila alasiri katika kibanda cha giza na kuitoa asubuhi, ikachanua, nao wakatangaza matokeo yao mwaka 1920. Kisha mwaka 1938 Hamner na Bonner wakaonyesha jambo la ajabu kuliko yote hayo: kwamba mmea wa jamii hii, ichanuayo usiku unaporefuka, ukiwekwa katika usiku mrefu wa kutosha, halafu giza lake likakatizwa katikati kwa dakika chache za mwanga, hesabu yote huharibika na ua halitoki. Alhasili mmea hauhesabu mchana. Huhesabu giza, na hulitaka giza lisilo na kipande.

Mashamba ya krisantemu ya Uganda na ya Arusha hula matunda ya elimu hiyo kila usiku. Kwa kuwa usiku wetu wa ikweta ni mrefu wa kutosha kuichanua krisantemu mwaka mzima, wenye mashamba wanaouza vipandikizi, ambao hutaka majani na matawi wala hawataki maua, hutundika taa juu ya miti mama na kuziwasha usiku, ili giza lisitimie.

Sasa tuirudie Babati, maana hapa ndipo penye uzito. Mji huu uko takribani digrii 4 kusini mwa ikweta, na tofauti baina ya mchana wake mrefu kabisa wa Desemba na mchana wake mfupi kabisa wa Juni haizidi nusu saa. Huko Patancheru, jirani na Hyderabad, ambako taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, ICRISAT, iliasisiwa mwaka 1972, tofauti hiyo hufika saa mbili nzima. Mbaazi wa Kihindi, basi, una kitu cha kuhesabu. Mbaazi wa Babati hauna zaidi ya nusu saa iliyogawanywa katika miezi sita, na juu ya hayo huchanua kwa nidhamu isiyokosea. Ni dhahiri kwamba hapakosi mshauri mwingine anayeunong'oneza. Tena mbegu za muda mfupi zilizochaguliwa katika nchi tambarare zenye joto, zilipopandwa katika nyanda zetu za juu, hazikuleta ule wepesi uliotarajiwa, bali zilisitasita. Na mbaazi wetu wa asili wa milimani, ulioteremshwa kwenye joto la Pwani, ulirefuka na kurefuka huku ukiahirisha maua yake.

Wataalamu wa ICRISAT walioweka makao Nairobi, miongoni mwao Said Silim, wakishirikiana na watafiti wa kilimo wa Kenya, walilikabili fumbo hili kwa mpango ambao kwangu mimi ndio kiini cha habari yote. Mshauri wa pili hakuwa na budi kuwa joto. Lakini shambani joto na urefu wa mchana hubadilika pamoja majira yanapogeuka, hata asiyekuwa mwangalifu humshtaki mmoja kwa kosa la mwenzake. Kuvitenganisha ndani ya nyumba ya kuoteshea mimea, ambamo nuru na joto hutawaliwa kwa mkono, ni kazi ya gharama kubwa, na mti wa mbaazi upandao kupita kimo cha mtu haufurahii kukaa ndani ya chumba. Wao wakatumia mlima. Walipanda mbegu zilezile Mtwapa, karibu na usawa wa bahari. Kiboko, katika kimo cha mita 900 na ushei. Katumani, karibu mita 1,600. Na Kabete, karibu mita 1,800. Vituo vyote vinne vimo kati ya digrii 1 na digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo usiku wake ni sawa karibu kabisa, ilhali joto hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hivyo nuru ilishikwa mahali pamoja na joto likaachwa litembee. Kisha katika kila kituo, ambapo joto ni lilelile, sehemu ya mimea ikawashiwa taa ili mchana wake urefushwe, na hapo joto likashikwa na nuru ikatembezwa. Vyombo vyote vilivyohitajiwa ni taa, vipimajoto, na barabara ya kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Jibu lililopatikana lilikuwa safi. Aina za muda mfupi kabisa huchanua upesi zaidi pale wastani wa joto unapokaribia digrii 25 za Selsiasi, nazo hazijali sana mchana ukirefushwa. Kadiri muda wa aina unavyozidi, joto linalopendwa hushuka, hata tukifika kwenye mibaazi ya muda mrefu, iliyo jamaa ya ile ya Babati, tunakuta kwamba hutaka takribani digrii 18 tu, na kwamba joto likizidi hapo maua hurudi nyuma. Kwa ajili hiyo mbaazi wetu, ambao usiku wake mrefu haupungui kamwe chini ya haja yake, husubiri kipupwe kiingie ndipo ufungue vitumba vyake. Mzee wa Gallapo ajuaye kwamba mbaazi huchanua baridi ikishuka alikuwa akisema neno lilelile ambalo vituo vinne vililithibitisha kwa tarakimu.

Elimu hiyo iliwafaa watu kwa sababu mara moja ilipunguza kazi ya kubahatisha. Kwa Babati, iliyo katika kimo cha mita 1,300 na zaidi, hapakuwa na maana tena ya kujaribu kila mbegu iliyosifiwa ng'ambo. Ilitakiwa mbegu ya muda mrefu, yenye punje kubwa nyeupe kama soko lipendavyo, na yenye kustahimili mnyauko. Nao mnyauko unahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwani ndio uliokuwa ukiwavunja watu moyo. Kuvu aitwaye Fusarium udum hukaa udongoni, akiishi katika mabaki ya mashina kwa misimu kadhaa. Huingilia mizizini, akaziba mishipa ya maji, na aghalabu hungoja mpaka mti umefikia maua au maganda ndipo aujulishe msiba. Majani hugeuka manjano, yakalegea ilhali ardhi ina unyevu, na mstari wa zambarau hupanda juu ya gome kutoka chini. Ukilichuna gome hilo kwa kisu utaona kuni yake imepitiwa na michirizi ya hudhurungi iliyokoza. Mkulima aliyepoteza mti katika hali hiyo amepoteza miezi mitano ya ardhi yake.

Wachaguzi wa mbegu hawakuukimbia ugonjwa huo, bali waliufuga. Waliweka mashamba ya maradhi, yaani vipande vya ardhi ambamo mashina ya mibaazi iliyokufa hukatwakatwa na kufukiwa mwaka baada ya mwaka, mpaka kuvu akajaa kila mahali sawasawa. Humo hupandwa mbegu inayojulikana kuwa dhaifu, ili kufa kwake kuwe shahidi kwamba ugonjwa upo, na pembeni yake hupandwa mbegu zinazojaribiwa. Kilichosimama wima mahali pale, mbegu yake huwekwa. Katika kazi ya namna hii, pamoja na majaribio ya kituo cha Selian kilichoko Arusha na ya wakulima wenyewe, ilipatikana ICEAP 00040, ambayo hapa Tanzania iliidhinishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la Mali, na ikaenea katika vijiji vya Babati kupita matarajio ya wengi.

Kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uangalifu unaostahili, nalo ni nyuki. Ua la mbaazi laweza kujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, lakini nyuki hulifungua na kuchukua chavua kutoka mti hadi mti, na shamba la Mali lililo jirani na shamba la mbegu ya zamani huzaa watoto mchanganyiko. Watafiti hufunika mimea yao kwa vyandarua au huitenga mamia ya mita mbali na mingine. Mkulima mwenye ekari mbili, ambaye majirani wamemzunguka pande zote, hana nafasi hiyo. Awezalo ni kuchagua mbegu ya mwakani ingali shambani, kutoka katikati ya shamba wala si kandokando, kwenye miti aliyoitazama tangu ua hadi ganda na kuikuta haina alama ya mnyauko, badala ya kuchota gunia lililokwisha kuchanganywa ghalani. Bwana shamba atakayewafundisha watu jambo hilo moja atakuwa amehifadhi kazi ya miaka mingi.

Tena wakati wa kuchanua ndio wakati wa soko. Mbaazi wa Babati uchanuao Juni huvunwa tangu Agosti hata Oktoba, na kwa hiyo huweza kufika India kabla mavuno makubwa ya huko, yaanzayo Desemba, hayajashusha bei. Dirisha hilo la miezi michache lilizijaza fedha Babati na Kondoa kwa miaka mingi, mpaka tarehe 5 Agosti 2017, siku ambayo serikali ya India iliwekea uagizaji wa mbaazi kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, nasi tulikuwa na mzigo mpya ghalani. Bei ikaanguka hata wengine wakang'oa miti. Hakuna mtaalamu wa mimea awezaye kulaumiwa kwa amri ya serikali ya mbali, lakini ni haki kusema kwamba mbegu iliyotafutwa kwa uangalifu kiasi hiki ilipimwa kwa jicho la mnunuzi mmoja. Rangi nyeupe na ukubwa wa punje vilipewa daraja ya juu; utamu wa mbaazi mbichi katika sufuria yenye tui la nazi haukupewa daraja kama hiyo, ingawa watu wa Pwani wangelinunua zao hilo bila ya meli.

Mwaka 2024 ICRISAT ilitangaza utaratibu wa kuotesha mbaazi ndani ya vyumba ambamo nuru, joto na unyevu hutawaliwa, hata vizazi vinne hupatikana kwa mwaka mmoja mahali ambapo shamba hutoa kimoja. Ni neema kubwa, nami naitakia Selian chumba cha namna hiyo. Ila chumba hicho hutawaliwa kwa kadiri ya mimea inayokubali haraka, na mibaazi ya muda mrefu, yenye kudai ubaridi wa digrii 18, ndiyo iliyo migumu kuliko yote kuharakishwa chini ya taa zenye joto. Kuna hatari ya kupata mbegu iliyochaguliwa kwa utiifu wake chumbani na kusahau tabia yake milimani. Dawa iko karibu. Wilaya ya Babati yenyewe hushuka hadi Magugu, kwenye joto la sakafu ya Bonde la Ufa, karibu mita 1,000 juu ya bahari, na hupanda kupitia Dareda mpaka Bashnet juu ya ukuta wa bonde, ambako asubuhi za Julai watu huota moto. Kila kizazi kitokacho chumbani na kipandwe katika ngazi hizo tatu, Magugu, mjini na Bashnet, mwaka huohuo, na tarehe ya ua la kwanza iandikwe kwa kila ngazi kabla mbegu haijaitwa bora.