Mayowe na Maombolezo: Albamu ya Mortification Mbele ya Msikilizaji wa Goma

Ni kawaida nyimbo za dini kuhakikiwa kwa kutazama kwanza maneno yake: yanafundisha nini, yanamfariji nani. Utaratibu huo unakwama mbele ya albamu Scrolls of the Megilloth (1992) ya Mortification, bendi ya Kikristo ya muziki wa metali kutoka Melbourne, Australia. Steve Rowe, mpiga besi na mwimbaji wake, hunguruma kutoka kooni, na maneno humezwa na magitaa na ngoma. Wapo waumini wanaodai kwamba fani hii, iliyokulia katika nyimbo za mauti na kufuru, haiwezi kubeba maudhui ya Injili. Jibu la dai hilo linaanzia katika jina la albamu.

Megilloth ni jina la Kiebrania la magombo matano ya Biblia: Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri na Esta. Maombolezo ni kilio cha mji uliobomolewa, lakini si kilio kisicho na mpango. Sura zake nne za kwanza zimefuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, mbinu ambayo msomaji wa tenzi zilizopangwa kwa alifu na be ataitambua mara moja. Umbo huushika uchungu usimwagike. Katika albamu hii kazi hiyo hufanywa na ngoma za Jayson Sherlock: zina kasi kubwa, lakini zimepimwa, na juu ya msingi huo ndipo sauti ya Rowe hupasuka. Anayesikia vurugu tupu hajaisikiliza fani.

Goma inaipa hoja hii uzito. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikaangamiza hata kanisa kuu la Kikatoliki. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliripuka tena. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji baada ya mapigano yaliyoua watu wengi. Mwumini wa mji kama huo akiambiwa kwamba ibada ni sauti tamu tu, ananyang'anywa gombo zima la Biblia yake.

Wala mayowe ya Rowe si mchezo wa kutisha. Albamu ina wimbo "Lymphosarcoma", jina la saratani. Miaka minne baadaye, mwaka 1996, Rowe mwenyewe alipatikana na saratani ya damu.

Hata hivyo albamu ina kasoro, na kasoro hiyo si kufuru bali upweke. Katika matanga mmoja huanza kulia na wengine humpokea; kilio huwa cha wote kwa sababu kinaitikika. Ngurumo ya Rowe haiitikiki: msikilizaji hutikiswa, lakini hapewi mahali pa kuingiza sauti yake. Gombo la Maombolezo, kinyume chake, huanza na mji ulioketi peke yake, na katika sura ya tano husema "sisi". Mortification imethibitisha kwamba mayowe yanaweza kuwa sala. Sala ya mji mzima bado inadai kiitikio.