Historia ya Tanzania na Maadili: nimemtafuta msimulizi

Nilikuwa Amani kwa dada yangu wiki mbili, na kama kawaida yangu vitabu nilivyobeba vikaisha mapema. Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza, nikaazima kitabu chake cha Historia ya Tanzania na Maadili. Sisi wapenzi wa fasihi tunachambua riwaya mpaka tunazichosha, lakini vitabu ambavyo watoto wa nchi nzima wanalazimika kuvisoma tunavipita tu. Basi mimi nimekisoma hiki kama ninavyosoma riwaya: nikimtafuta anayesimulia.

Kwanza sifa. Somo hili sekondari linafundishwa kwa Kiswahili, na mpwa wangu analisoma bila kamusi pembeni. Si jambo dogo kwa mtoto ambaye asubuhi hiyo hiyo amepambana na baiolojia kwa Kiingereza.

Lakini msimulizi sikumwona. Jalada lina jina la Taasisi ya Elimu Tanzania. Waandishi, wahariri na wachoraji wako ndani, kwenye ukurasa wa shukurani, wamepangwa kama karatasi ya mahudhurio ya semina. Ndivyo kazi hizi zinavyofanyika: muhtasari wa somo unatangulia, walimu na wahadhiri wanagawana mada, wengine wanahariri, wengine wanapitia na kuidhinisha. Sina ugomvi na hilo, kitabu cha taifa zima hakiwezi kuachiwa mtu mmoja. Ugomvi wangu uko kwenye kulainisha. Kila mwandishi bila shaka aliingia na sauti yake. Iliyobaki ni ile sentensi ya reli ilijengwa, mashamba yalianzishwa, wananchi walihamasishwa. Na nani, jamani?

Ukiwa Amani swali hilo huwezi kulikwepa. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea hapo mwaka 1902. Wakajenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi, na nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama pale Sigi, unapoingia hifadhini. Waingereza nao wakaja, wakatafiti magonjwa ya mihogo. Baadaye ikawa malaria. Mpwa wangu huenda shule akipita chini ya miti iliyoletwa kutoka mabara mengine. Jioni moja akaniuliza, "Mjomba, hii miti nani aliibeba mpaka huku juu?" Nikataka kumwambia tuangalie kitabuni, nikajizuia.

Kazi ya pamoja si lazima ifute watu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kusini, vijiji kwa vijiji, kuandika kumbukumbu za wazee kuhusu Vita vya Maji Maji. Mwaka uliofuata Kimambo na Temu wakahariri historia ya Tanzania ambayo kila sura ina mwandishi wake; ukitaka kubishana unajua ubishane na nani. Tatizo ilikuwa kwa Kiingereza.

Na kwa Kiswahili tunayo ya zamani zaidi, tena ya nyumbani. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi ilianza kuchapwa mwaka 1895 na misheni ya Magila, huko chini Muheza. Mle watu wanaongea, wanadanganyana, wanabishana. Mwandishi ana upande wake na hauficha sana, kwa hiyo msomaji anajua ajihadhari wapi. Kitabu cha mpwa wangu nacho kina upande, ila kinazungumza kama hakina.

Halafu kuna hilo neno la pili kwenye jina, maadili. Historia ikipewa kazi ya kunyoosha tabia, shujaa haruhusiwi tena kuwa na kasoro. Mchukue Abushiri, aliyewapiga Wajerumani pwani yetu hii mpaka wakamnyonga Pangani, Desemba 1889. Huyo huyo alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Mtoto wa miaka 14 anaweza kubeba yote mawili, tena ni hapo hasa ndipo angeanza kujadili uraia: nani anahesabiwa mtu, na nani anaamua. Ukimpa nusu moja unampa sanamu.

Kurasa nilizozipenda ni zile zinazomtuma mwanafunzi akaulize wazee. Ningekuwa kwenye hilo jopo ningeomba zaidi kidogo: ukurasa mmoja kwa kila sura, mzee mmoja wa mahali fulani, jina lake na maneno yake kama alivyoyasema, hata kama hayakubaliani na sura yenyewe.

Siku mbili kabla sijaondoka mpwa wangu alikwenda kwa jirani, mzee aliyewahi kufanya kazi ya kibarua kituoni. Alirudi na karatasi mbili za daftari, mbele na nyuma. Babu wa yule mzee alikuwa mpagazi. Karatasi zimekaa ndani ya jalada la kitabu, na kitabu sasa hakifungi vizuri.