Pijo Isiyo na Kibao

Kibao cha makumbusho ni utanzu wa uandishi, ingawa wahakiki wetu hawajautia hesabuni. Ni kifupi kuliko tarbia ya beti tano, hakina jina la mtunzi, nacho husomwa kwa kusimama, aghalabu na mtu ambaye miguu imeshamchoka. Kwa ufupi wake hulazimika kuchagua la kusema na la kuacha, na humo ndimo mhakiki anamopata kazi. Hapa nataka kukisoma kibao cha aina moja tu, kile kiwekwacho mbele ya gari kuukuu, na kukipima kwa gari ambayo watu wa mwambao wa Ziwa Victoria waliiita Pijo.

Jina ni la kampuni ya Peugeot, lakini msafiri aliposema anapanda Pijo hakukusudia kampuni. Alikusudia stesheni wagoni: kwanza ya 404, gari iliyotoka Ufaransa mwaka 1960, kisha ya 504, iliyozaliwa mwaka 1968. Saluni ya 504 ilikuwa na mita 2.74 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Wagoni yake ilirefushwa hadi mita 2.90, ikafungwa springi nne nyuma ili ihimili mzigo, na ile ya kifamilia ikatiwa safu ya tatu ya viti. Wabunifu wake waliifikiria familia yenye watoto wengi iendayo mapumziko. Huku kwetu familia hiyo ilikuwa ni abiria wasiojuana, kila mmoja na nauli yake mkononi.

Ufaransa iliacha kuunda saluni na wagoni za 504 mwaka 1983. Lakini Kaduna nchini Nigeria na Mombasa hazikuacha. Vipande vilishuka Kilindini vikiwa ndani ya makasha, vikaungwa papo hapo Mombasa, na kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 2000. Kwa hiyo anayeitafuta Pijo ya toleo la mwisho, ile ambayo wakusanyaji wa Ulaya huitaja kwa sauti ya chini kama wataja lulu, asiitafute Ufaransa peke yake. Uzee wa gari ile ulikuwa huku, na sehemu yake ilikuwa katika mji wa Waswahili.

Sasa tukisome kibao. Kibao cha gari kuukuu, popote duniani, kina msamiati wake maalumu: mwaka, ukubwa wa injini, idadi iliyoundwa, ngapi zimesalia. Neno lake tukufu ni *nadra*. Kibao hakiulizi kwa nini gari imekuwa nadra, ilhali jibu ndilo habari yenyewe. 504 za kila namna ziliundwa zaidi ya milioni tatu. Wagoni zilizokuja huku hazikupotea kwa siri. Zilitumika mpaka zikakwisha. Injini ya moja ilihamia kwa nyengine, mlango ukapata gari ya tatu, kiti cha nyuma kikawa benchi mbele ya duka. Inayonusurika mpaka ikaingia ndani ya jumba, ikapigwa rangi na kuzungushiwa kamba, aghalabu ni ile iliyofanya kazi kidogo kuliko dada zake. Kibao kinaisifu kwa kupona, nacho hakisemi imepona na nini.

Majumba yetu wenyewe yana udhaifu wa namna nyengine. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhi Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere. Hapa Unguja, Beit al-Ajaib iliwahi kuonyesha gari ya Mzee Karume, jirani na mtepe ulioshonwa kwa kamba. Jengo lenyewe likaporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Sisemi gari hizo hazistahili kuhifadhiwa. Nasema kwamba vibao vya namna hiyo hututajia aliyekaa kiti cha nyuma, tukaondoka tukidhani historia ya gari ni historia ya kiti hicho. Gari iliyombeba mama mwenye mgonjwa kutoka Magu kwenda Mwanza haikuwa na kiti cha nyuma cha heshima. Ilikuwa na safu tatu, na ya tatu ndiyo waliyopewa vijana, magoti kidevuni.

Hata umaarufu wa gari ile uliandikwa kwa upande mmoja. Katika mashindano ya Safari Rally, 404 ilishinda mara nne, mwaka 1963 kisha mfululizo tangu 1966 hadi 1968, na mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam. Saluni ikapata kombe. Wagoni ikapata dagaa.

Mwandishi aliyejua namna ya kuhifadhi kitu kwa maneno alikuwa mtu wa ziwa hilo hilo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980. Yeye akafa mwaka uliofuata. Wapo wanaolalamika kwamba riwaya ile inakwenda polepole, kwamba mwandishi husimamisha kisa ili aeleze pombe ya ndizi inavyotengenezwa au mgeni anavyopokewa. Mimi nayaona maelezo hayo kuwa ndiyo uti wa kitabu. Kitereza hatuambii chombo ni cha zamani kiasi gani wala kimebaki kimoja. Anatuambia kinashikwaje, nani hukishika kwanza, na nani haruhusiwi. Mfasiri akifika hapo hutoka jasho, kwa sababu kila kitenzi kina mkono wake.

Tuitazame Pijo kwa jicho la Kitereza. Tungeanza na utingo akipanga keria: magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba yalazwe chini, mikungu ya ndizi juu yake, kuku pembeni wapate hewa. Tungeisikia gia ya usukani ikitafutwa, na buti likifungwa kwa kamba kwa kuwa kitasa kimekufa. Tungemwona mtoto akipokezanwa kutoka safu hadi safu mpaka amfikie aliyeketi dirishani. Tungesubiri kivuko cha Kigongo hadi Busisi, mahali ambapo safari ilikuwa inageuka baraza. Kungoja huko kumekwisha tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025, na mwenye haraka ya kufika Sengerema hawezi kulaumiwa kwa kulifurahia.

Tahadhari moja yafaa hapa, maana washairi tuna tabia ya kulitia asali kila lililopita. Pijo iliua. Gari ya watu wanane iliyobeba kumi na wawili, kwa mwendo wa kushindania abiria na kwa shokomzoba zilizochoka, haikuwa baraza kwa kila aliyeipanda. Kibao kitakachoacha jambo hilo kitakuwa mwongo kuliko kile cha ukubwa wa injini.

Na desturi haijafa, imebadili chuma tu. Huko Kanda ya Ziwa leo watu hupanda michomoko, wagoni ndogo za Kijapani kama Probox, nazo hujazwa vile vile. Tuyalinganishe majina mawili haya. Pijo ni jina la mwenye kiwanda lililonyooshwa na ndimi zetu. Mchomoko halina mwenye kiwanda ndani yake. Limetokana na kuchomoka, na msikilizaji huliona gari likiruka kutoka foleni kabla ya kuambiwa ni la nani. Kwa sikio langu jina la pili ni shairi bora. Tena litakuwa limesahauliwa kabla ya Probox ya mwisho kuoza, iwapo hatutaliandika.

Bujora, nje kidogo ya Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement kutoka Kanada, ngoma zimehifadhiwa mahali ambapo ngoma bado zinachezwa, na kila Juni wachezaji hukutana kwa sherehe ya Bulabo. Kibao cha Bujora hukamilishwa na miguu ya wachezaji. Gari haina bahati hiyo. Ikishaingia jumbani, imezimwa. Basi maneno ndiyo yabebe zaidi. Ikipatikana Pijo moja ikasimamishwa Mwanza, kibao chake ningekiandika hivi:

*Stesheni wagoni ya watu wanane. Ilichukua kumi na wawili, na dagaa juu. Safu ya mbele ililipiwa kwa kujuana na dereva. Safu ya tatu haikuona nje. Watoto walipita juu ya vichwa. Baadhi ya waliopanda hawakufika. Mlango huu umetoka gari nyengine.*

Ni maneno yasiyofika hamsini. Nafasi ya mwaka na ukubwa wa injini bado ipo, chini, kwa herufi ndogo.