Saa 26 Kwenye Dimbwi la Seronera

Mwaka 2015 mpiga picha wa Marekani, Stephen Wilkes, alikuja Serengeti akiwafuata nyumbu wakati msafara wao umepamba moto. Akakuta ukame wa wiki tano. Hakukimbizana na makundi kwa gari. Alitafuta maji, akapata dimbwi moja eneo la Seronera, katikati ya hifadhi, akalichunguza siku tatu kabla ya kupiga picha aliyoifuata. Kwa maoni yangu sehemu ngumu ya kazi iliishia hapo. Kiangazi, maji ndiyo yanayoamua nani atapita wapi na saa ngapi, na aliyeyasoma vizuri hana haja ya kumfukuza mnyama.

Alijifungia kwenye maficho yaliyoinuliwa futi 18, karibu mita tano na nusu, akakaa humo saa 26 mfululizo. Urefu huo una sababu. Anayepiga picha kutoka dirishani mwa gari huona wanyama wakizibana: tembo wa mbele anawameza pundamilia walio nyuma yake, na maji yanabaki mstari mwembamba tu. Ukipanda juu, ardhi inalala wazi mbele yako, kila kundi linapata nafasi yake, na dimbwi linaonekana kwa upana wake wote.

Kamera haikusogezwa hata kidogo. Katika mfululizo wake wa Day to Night, Wilkes hufunga kamera mahali pamoja, anapiga fremu nyingi tangu mwanga hadi giza, kisha anachagua chache na kuziunganisha kuwa picha moja. Seronera alipiga zaidi ya 2,000. Kamera ikicheza kwa upana wa unywele, ukingo wa dimbwi wa asubuhi haukutani tena na ule wa jioni. Kuna pia suala la vivuli: tembo aliyekuja kunywa alasiri hawezi kuhamishiwa upande wa alfajiri, maana kivuli chake kitamsaliti. Kwa hiyo saa ndiyo inayopanga picha, kila sehemu ikiwa na wakati wake.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, kazi hiyo ina haraka yake. Jua huchomoza likipanda karibu wima, na ule mwanga laini wa dhahabu, ambao wapiga picha wa Ulaya huufaidi kwa muda mrefu, kwetu hutoweka upesi. Asiyekuwa tayari kabla ya kupambazuka ameukosa. Wilkes hakuhitaji kudamka. Mapambazuko yalimkuta palepale. Mgeni wa kawaida hana nafasi hiyo, kwani kwa kawaida magari ya utalii hayazururi hifadhini usiku.

Nina shaka moja. Wilkes amesimulia kwamba wanyama wanaogombania maji walinywa pamoja kwa saa zote hizo bila hata kuguruma wao kwa wao. Ushuhuda wake naupokea, alikuwapo. Lakini picha yenyewe haiwezi kuuthibitisha, kwa kuwa wengi wanaoonekana wakipakana ndani yake walitenganishwa na saa kadhaa. Anayeitazama kama tukio la dakika moja anadanganyika, na maelezo ya chini yake yanapaswa kusema hivyo waziwazi. Kama kumbukumbu ya siku nzima ya dimbwi, sijaona iliyoizidi.

Kwa vijana wa Tarime na Mugumu wenye simu, mbinu hii haihitaji Seronera. Mto Mara, unaozitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, una vivuko ambako tangu alfajiri watu huteka maji na ng'ombe hushuka kunywa. Chagua mahali palipoinuka, mbali na ukingo, kwa sababu mamba hawaangalii kama umeshika kamera. Omba ruhusa kwa wanaotumia kivuko hicho. Funga simu kwenye stendi, zuia mwanga na fokasi visijibadilishe vyenyewe kila mtu anapopita, na urekebishe mwanga kwa mkono kadiri jua linavyopanda. Piga kila kitu kinapotokea, bila kungoja dakika zitimie. Anza na saa tatu tu, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na beba chaji ya akiba.