Utepe, Ukoga na Maji ya Meru

Ukiingia sebuleni kwa Mwalimu kule Tengeru saa nane mchana, utadhani umeme umekatika. Tangi la kioo la futi nne limekaa gizani, mbali na dirisha, na samaki wanapita ndani yake kama vivuli. Umeme upo. Ni yeye aliyezima. Taa huwaka saa tatu asubuhi, huzimwa saa saba, huwashwa tena saa kumi na kuzimwa saa moja jioni. Sijapata kumwona akiongeza hata nusu saa kwa ajili ya mgeni, hata siku aliyokuja mchungaji na wazee wawili wa kanisa, wakakaa wakinywa chai na kulitazama giza kwa adabu.

Mwalimu alistaafu kufundisha kemia, na tangu hapo kazi yake ni kupambana na ukoga. Vitabuni huitwa mwani, lakini mimi nimekulia neno hilo la ukoga: ule utando wa kijani unaoota kwenye mtungi uliosahauliwa, unaofanya mawe ya mfereji yateleze, na unaogeuza tangi la samaki kuwa supu ya mchicha ndani ya wiki mbili. Watu wengi mjini Arusha wamewahi kununua tangi, wakaweka samaki, wakaweka mimea, kisha wakaishia kuligeuza sanduku la kuwekea viatu. La Mwalimu lina maji angavu kiasi kwamba mtoto wa jirani aliwahi kuuliza kama samaki wanaelea hewani.

Ufundi huu unaanzia kwenye maji yenyewe, na maji ya kwetu yana tabia zake. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyapa bikaboneti nyingi na floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya upande huu huuvuka. Ndiyo maana kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwalimu alizaliwa kabla ya machujio hayo. Akicheka, meno yake yaliyogeuzwa kahawia na floraidi yanakueleza alikokulia. "Ukoga wa meno unaswakiwa," huniambia, "huu wangu niliunywa."

Mfugaji wa kawaida angepigana na maji hayo kwa kumwaga dawa za kuyashusha ukali. Mwalimu alitafuta mmea unaoyapenda. Mimea mingi ya majini inataka kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, na katika maji yenye alkali kama yetu gesi hiyo ni haba. Lakini ipo mimea michache inayoweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti yenyewe. Mmojawapo ni valisneria, yenye majani marefu membamba, ambayo yeye huiita utepe. Hiyo huota hata katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni ya alkali kuliko ya kwetu. Miche yake minne ya kwanza ilisafiri kutoka Kigoma kwa basi, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Leo utepe umejaza ukuta wote wa nyuma ya tangi, unafika juu na kujikunja juu ya maji kama nywele zilizofumuliwa.

Hapo ndipo penye siri, kama ni siri. Ukoga na mimea hugombea mwanga na chakula kilekile. Mmea unaokua kwa nguvu hula mapema na kumwachia mwenzake makombo. Mmea unaosinzia hutoa sukari na uozo kwenye majani yake, na ukoga huanza kuota papo hapo, juu ya jani lenyewe. Kwa hiyo Mwalimu hautazami ukoga kwanza. Hutazama ncha za utepe. Zikiwa na kijani kibichi, anarudi kwenye gazeti lake.

Hakuzaliwa akijua. Miaka ya mwanzo alitaka mimea laini ya kupendeza, akatengeneza gesi kwa chupa ya sukari na hamira iliyounganishwa na mpira mwembamba. Ilifanya kazi vizuri hadi Juni. Baridi ya Tengeru ilipoingia, hamira ililala usiku na kuamka mchana, gesi ikapanda na kushuka kila siku. Mimea haikuweza kufuata mwendo huo. Kwenye kingo za majani zikaota ndevu nyeusi, fupi, ngumu, zisizotoka hata kwa mswaki. Mtu mwingine angenunua dawa. Yeye alikata jani moja lenye ndevu, akalitumbukiza ndani ya kikombe cha spiriti, na kesho yake akaniita nione: ule weusi ulikuwa umegeuka mwekundu. Ni mwani mwekundu, ndugu wa mwani wa baharini, aliyejivika rangi nyingine. Alifurahi kama mtu aliyemtambua mwizi kwa jina la ukoo. Kisha akaiondoa chupa ya hamira, akang'oa mimea ile laini, akaupisha utepe.

Juu ya chakula, wataalamu wamegombana kweli. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin waliandika kwamba ukitaka kuushinda mwani, ipe mimea kila kitu cha kutosha isipokuwa fosfeti. Ile kidogo iliyomo majini mimea itaimaliza yote, na mwani utakosa. Watu wengi walifuata, na wengi walifaulu. Baadaye Mmarekani Tom Barr akatia fosfeti kwa makusudi kwenye tangi lililojaa mimea, na mwani haukuja. Mwalimu huwaheshimu wote watatu na hamfuati yeyote kikamilifu. Chini ya kokoto zake ameweka udongo mweusi wa shambani, wa migomba, uliochekechwa na kulowekwa mara kadhaa. Juu yake hatii mbolea yoyote. Nadhani hajakosea. Udongo wa Meru umelisha kahawa na ndizi kwa vizazi, hautashindwa na majani ya futi mbili.

Jumamosi ndiyo siku ya kazi, na mimi hupenda kuwahi, kabla sijaenda sokoni. Mwalimu hukunja mikono ya shati, huosha mikono kwa maji matupu bila sabuni, hukaa kwenye kigoda. Kioo cha mbele hukwanguliwa kwa kadi ya zamani ya plastiki, kutoka chini kwenda juu, polepole, ili uchafu usitawanyike. Nyuzi za kijani za ukoga huzizungusha kwenye mswaki, akiviringisha kama anayefunga uzi kwenye kibao, zote zikatoka kwa mkupuo mmoja. Utepe huupitisha jani kwa jani kati ya vidole viwili. Jani lililozeeka hulikata chini kabisa, maana likiozea ndani litalisha adui. Halafu hufyonza theluthi moja ya maji kwa mpira na kuyapeleka kwenye mnavu wake, ulionenepa hadi majirani wanaomba. Maji mapya hutoka kwenye simtanki, nusu ya bomba na nusu ya mvua iliyovunwa juu ya bati.

Tangini wamo pia konokono wanaoula ukoga, na wote wamezaliwa humo ndani. Wa mfereji hawapokei, kwa sababu ya kichocho, ingawa yeye mwenyewe hukueleza kwamba konokono hazaliwi na kichocho. Hukipata kutoka kwenye maji yaliyochafuliwa na binadamu.

Mara moja tu nimemwona akiogopa. Ulikuja utando wa kijani kilichochanganyika na buluu, wenye harufu ya udongo mbichi, ukifunika kokoto kama blanketi. Ule si mwani, ni sayanobakteria, jamaa wa wale wanaowalisha flamingo wadogo kwenye maziwa ya Momella. Aina hizo zina pande mbili. Mwaka 2004 flamingo wengi walikufa Momella Kubwa na Manyara, na watafiti wakawanyooshea kidole sayanobakteria. Mwalimu aliufyonza utando wote aliouona, akabadilisha maji, kisha akalifunika tangi kwa shuka jekundu la Kimasai, mikunjo miwili, kwa siku tatu. Hakufunua hata pembe. Mkewe alisema nyumba imekuwa kama yenye msiba. Siku ya nne alilivuta shuka, utepe ukiwa umefifia kidogo, kokoto zikiwa safi.

Kitu kimoja kilinichukua muda mrefu kukielewa. Kila Jumamosi husafisha kioo cha mbele na vya pembeni, lakini cha nyuma hakigusi. Kina utando wa kijani, konokono huula, na kila anapopita huacha njia nyeupe iliyopindapinda. Nilidhani ni uvivu wa mzee. Ni kipimo chake. Njia zile zikijifuta ndani ya siku mbili, basi chakula kimezidi majini. Atawanyima samaki siku moja, au atapunguza mwanga. Zikidumu karibu wiki, mambo yako sawa. Jumamosi iliyopita alimaliza kazi, akainamia nyuma ya tangi kwa tochi ya simu, akafuatisha kwa kidole njia ambayo konokono aliichora Jumatatu. Ilikuwa bado wazi. Akazima tochi, akatundika kitambaa msumarini, akaniuliza kama nitapita sokoni nimletee limau.