Breki za Phoenix ya Zamani Huanzia Kwenye Ringi

Mteremko wa kutoka Kamachumu kushuka Muhutwe ndio unaopima breki za baiskeli wilayani Muleba. Mtu aliyefunga mikungu ya ndizi kwenye keria hana nafasi ya kubahatisha pale. Kubadili breki za vyuma za Phoenix au Raleigh kuwa za waya ni kazi ya maana, lakini wengi huianza na vishikio, na hapo ndipo inapoharibika.

Breki ya vyuma haibani ubavu wa ringi. Fito huvuta juu chuma chenye umbo la U, na mipira yake husugua upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama habu. Ringi za aina hiyo zina ubavu wa mviringo. Ukifunga breki ya kubana, mipira haipati pa kushika. Kwa hiyo fundi makini hutafuta kwanza ringi yenye ubavu bapa, na ya alumini ikipatikana, kwa sababu kromu ikilowa huteleza, na Bukoba mvua haikai mbali. Ahesabu na matundu. Baiskeli hizi kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati ringi nyingi za sasa zina 36, kwa hiyo huenda habu nazo zikabadilishwa.

Usukani nao hubadilishwa, kwa kuwa ule wa zamani umeundwa pamoja na fito zake. Halafu vije vishikio, na hapa kuna mtego. Vishikio vingi vya mtumba vimetoka kwenye baiskeli za milimani zenye breki za mikono mirefu, ambazo huhitaji waya uvutwe karibu mara mbili ya breki ndogo za kubana. Ukivichanganya na breki hizo ndogo, kishikio huwa kigumu mkononi, kinagota mapema, na baiskeli haisimami. Wengi hudhani mipira ni mibovu, wanabadilisha mipira, na tatizo linabaki pale pale.

Breki ya nyuma isidharauliwe. Kwa kawaida ya mbele ndiyo hufanya kazi kubwa, ila mzigo ukikaa kwenye keria, tairi la nyuma hung'ang'ania barabara zaidi. Waya wake ni mrefu: uwe mpya, ganda lake lisipindwe kwa ghafla, na ncha zifunikwe maji yasiingie.

Ukiamua kubadili na pedeli, kazi hiyo ni rahisi zaidi kuliko ya breki. Nyuzi zake ni za inchi 9/16. Za inchi 1/2 kutoka baiskeli ndogo zitalegea, usizichomelee. Ya kushoto hukazwa kinyume na saa na kufunguliwa kuelekea mwendo wa saa. Asiyejua hili huikaza kwa nguvu akidhani anaifungua, hadi spana inateleza na kula kona za nati. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga, na uanze kuzungusha kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, itoe uanze upya kabla hujashika spana.