Uhakiki wa Kigezo cha Desibeli 3 katika Tathmini ya Nyuso za Tabaka Nyembamba na Lenzi za Mawimbi ya Redio

Mwaka 1888 Heinrich Hertz alionyesha kwamba wavu wa nyaya sambamba hupitisha au huzuia wimbi la redio kutegemea polaraizesheni yake, yaani mwelekeo wa mtikisiko wa uga wake wa umeme. Mwaka 1973 Young, Robinson na Hacking walieleza uso wa tabaka kadhaa zenye mistari ya metali iliyopindapinda. Wimbi lenye mtikisiko ulioinama nyuzi 45 kwa mistari hiyo hugawanyika katika vijenzi viwili. Kimoja huharakishwa, kingine hucheleweshwa, hata tofauti ya fezi ifikie nyuzi 90 na wimbi litoke likizunguka.

Kanuni hiyo ni thabiti. Kinachostahili kuhakikiwa ni kipimo cha ufaulu wake. Aghalabu uso huhesabiwa kuwa umefaulu iwapo uwiano wa mihimili ya duaradufu ya mzunguko hauzidi desibeli 3. Katika kikomo hicho, takribani asilimia 3 ya nishati huzunguka upande usiotakiwa. Kwa mpokeaji wa mkondo mmoja, hasara hiyo ni ndogo. Kwa setilaiti inayotumia masafa yaleyale kwa mzunguko wa kulia na wa kushoto, asilimia hizo huingia katika mkondo wa pili na kuuvuruga. Uwiano ukishushwa hadi desibeli 1, sehemu hiyo hupungua hadi takribani theluthi moja ya asilimia moja.

Udhaifu wa pili unahusu mahali pa kuweka uso. Katika lenzi yenye umbali wa fokasi ulio sawa na kipenyo chake, miale ya ukingoni hutoka kwenye chanzo kwa pembe ya takribani nyuzi 27. Uso ukikaa kati ya chanzo na lenzi, matokeo yaliyopimwa kwa wimbi la wima peke yake hayathibitishi utendaji wake ukingoni. Aidha, lenzi ya mabamba ya metali iliyoelezwa na Winston Kock mwaka 1946 hukusanya mtikisiko ulio sambamba na mabamba tu. Uso ukitangulia lenzi hiyo, nusu ya nishati hupita bila kukusanywa.

Hivyo basi, tasnifu inayodai ufanisi haina budi kubainisha matumizi yanayolengwa, kuonyesha mpangilio wa uso na lenzi, na kutoa vipimo vya pembe zote zinazohusika. Pasipo hayo, desibeli 3 ni tarakimu isiyo na hukumu.